Mteremko wa Mungu

Jumatatu, 24 Machi

Imenyesha! Vumbi lililokuwa likiingia hadi kwenye bakuli la sukari limelala. Mume wangu Dalmas, mtu wa Busia aliyekulia kwenye mvua, ametoka akasimama uani na shati lake la kazi, mikono ameinyoosha. Nimemwambia hilo shati atalifua mwenyewe.

Nalangu alileta maziwa akiwa amelowa chepechepe. "Takwenya," nikamwamkia kwa Kimaasai. "Iko," akaitikia akicheka. Boma lake liko hapa chini tu, nje ya korti yetu, huu mtaa wetu wa nyumba za saruji, na ndicho kipande kilichobaki cha ardhi ya baba mkwe wake. Nyumba zetu zote zimejengwa pale walipokuwa wakilishia mifugo. Ng'ombe wake walionusurika kiangazi walirudi kutoka Rombo juzi. Leo amenipimia kikombe kikamwagika. "Ya mvua hiyo," akasema.

Jumatano, 26 Machi

Nafundisha nadharia za siasa katika chuo kidogo kilicho juu ya duka la mabati. Ukitaka kueleza haki, unangoja kwanza msumeno wa chini unyamaze.

Leo tumeanza mada ya kutolingana. Nimegawa ubao safu mbili. Safu ya kwanza: tofauti tulizozaliwa nazo, au ambazo maisha yenyewe yanatupa, kama umri, afya, nguvu, akili. Safu ya pili: tofauti ambazo watu wenyewe wamezitengeneza na wakakubaliana kuzilinda, kama mali, cheo, nani apige kura na nani anyamaze. Nikawaambia ujanja mkubwa wa wenye nacho ni kuchukua kitu kutoka safu ya pili na kukihamishia ya kwanza. Kikishafika huko, hakuna wa kulaumiwa.

Soipan, binti wa Nalangu, huketi mbele na haandiki sana. Anatazama tu.

Ijumaa, 28 Machi

Ukuta umekamilika. Zamani palikuwa na korongo dogo upande wa chini wa korti, na maji yetu yalipita humo yakalikwepa boma la Nalangu hadi mtoni. Kamati ya wakazi imelifukia korongo ili kupanua maegesho, ikajenga ukuta wa mawe, na kwenye kona moja imeweka mabomba mawili makubwa. Yanatazama geti la Nalangu moja kwa moja.

Nilimuuliza Mzee Wanyonyi, mwenyekiti wetu, maji yatapita wapi. "Mwalimu, maji hujua njia," akanijibu. Nikacheka. Yeye namheshimu. Alikuwa meneja wa benki, ni mzee wa kanisa, na baba yangu alipofariki alisafiri nasi hadi Siaya akashika jembe kaburini, na hatukuwa ndugu.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Barabara ya kwetu ni ugali mweusi. Kiatu kimoja kimebaki huko.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua imepiga tangu asubuhi. Adhuhuri nilisikia sauti ya maji nikadhani ni lori. Ni yale mabomba. Maji ya mapaa yetu yote na ya sakafu yetu yote ya saruji yanatoka mahali pamoja kwa hasira, na yanaingia bomani mwa Nalangu. Nimetazama juu ya ukuta nikamwona na binti yake wakiwainua wana-mbuzi kwenye paa la banda. Mlangoni amekaa koko, yaani nyanya yake Soipan, mama mkwe wa Nalangu, asiyeona vizuri na asiyetembea bila kushikwa. Ameshikilia mguu wa kitanda chake.

Dalmas anasema kesho kuna mkutano wa wakazi, yatasemwa huko.

Jumapili, 6 Aprili

Nataka kuyaandika haya kama yalivyotokea.

Mkutano ulikuwa kwenye hema la mikutano la korti, baada ya ibada. Nalangu aliingia amevaa shuka lake zuri la wageni. Hakuketi. Alisimama mbele ya meza ya kamati ameshika mkononi konzi ya nyasi mbichi, zile ndefu za kando ya barabara, akazinyoosha mbele ya Wanyonyi.

"Mzee," akasema, "maji yenu imeingia kwangu. Niko na mtu mgonjwa ndani ya nyumba. Nimekuja."

Mkono wake ukabaki umenyooka. Watu wakatazamana. Wanyonyi akavua miwani, akaziangalia zile nyasi kwa huruma kabisa.

"Mama, tumekuelewa," akasema. "Kiangazi kilikuwa kibaya, na mifugo ni lazima ikule. Kama kamati, tunakuruhusu ukate nyasi huku nyuma ya geti, free of charge, msimu mzima. Na ile mambo ya maji, hiyo ni nature. Land haiko flat. Mungu mwenyewe ndiye aliumba mteremko, na maji lazima iende kwa mtu wa chini. Si sisi."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nilidhani kweli kapewa kitu.

Nalangu alizitazama zile nyasi mkononi mwake. Kisha akazilaza juu ya meza taratibu, akatoka.

Jumatatu, 7 Aprili

Maziwa hayakuja.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeenda mwenyewe. Nimetia viatu vya mpira nikateremka hadi kwake, tope magotini. Nyumba yake ya kuta za udongo na paa la mabati ina alama ya maji kimo cha kiti. Koko alikuwa amelala juu ya meza, kwa sababu kitanda kilikuwa kinakauka nje. Alinishika mkono akanipapasa vidole, akaniuliza kitu kwa Kimaasai. Soipan akanitafsiria: anataka kujua kama nimekula.

Nalangu hakuwa amekasirika kwa sauti. Ingekuwa afadhali.

"Mwalimu Apondi, unajua nilikuja na nini pale?" akaniuliza.

"Nyasi."

"Kwetu mtu akishika nyasi mbele yako, amekuomba. Amekuomba amani. Hata kama ulikuwa umeinua rungu umpige, unaishusha chini. Ng'ombe inaishi kwa nyasi, na sisi tunaishi kwa ng'ombe, kwa hivyo hakuna kitu kubwa kuliko hiyo mtu anaweza kukuletea. Hata adui yako hawezi kataa. Sasa nyinyi mliniambia nikate zingine."

Nilitamani ardhi inimeze. Wasomi watupu tulijaa kwenye lile hema, tumeishi juu ya ardhi ya watu hawa miaka yote hii, tunanunua maziwa yao, tunawapigia picha harusi zao, na mwanamke akatuletea ombi kubwa kuliko yote anayoyajua, tukadhani anatafuta lishe. Tukajipigia makofi kwa ukarimu wetu!

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeandika kwenye grupu ya WhatsApp ya wakazi, nikaeleza maana ya nyasi, nikaomba sehemu ya ukuta ibomolewe mahali pa korongo. Wengine walijibu kwa emoji ya mikono ya kuomba. Mmoja akauliza nani amepoteza funguo za gari la Probox.

Wanyonyi akaandika: "Asante Madam kwa culture lesson. Lakini kikatiba ya association, hoja huletwa na wenye nyumba. Wapangaji ni observers."

Eti mtazamaji! Maji ya paa langu yanatiririka kule chini, lakini mimi natazama tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwenye nyumba wetu, Bwana Kaloki, amepiga simu. Alianza na hali ya watoto, na hatuna watoto. Kisha akasema: "Mwalimu, nyinyi ni wapangaji wazuri sana. Kaeni hivyo hivyo." Dalmas alisikia. Amesema, "Apondi, nyumba si yetu, ukuta si wetu. Tuishi tu." Nikamwambia hata pumzi anayoivuta si yake, mbona anaivuta. Tumelala mgongo kwa mgongo.

Jumatano, 16 Aprili

Jua. Kila mtu amesahau.

Jumamosi, 26 Aprili

Imenyesha tangu juzi bila kupumzika. Alfajiri, giza likiwa bado halijaisha vizuri, ukuta wa nyuma wa nyumba ya Nalangu ulianguka. Udongo uliolowa kila siku hauwezi kusimama, hilo hata mtoto analijua.

Nilifika wakiwa wamemtoa koko. Soipan alikuwa amembeba mgongoni, shuka limewafunga pamoja, na maji yalikuwa mapajani mwa msichana. Nilimshika koko miguu isiburutwe. Ilikuwa ya baridi na myepesi. Tulimpandisha hadi kanisa la mabati lililo juu kidogo, tukamlaza kwenye benchi mbili zilizounganishwa. Mbuzi wanne walikufa bandani, mmoja na mimba.

Na mabomba hayakunyamaza hata kidogo wakati huo wote.

Jumapili, 27 Aprili

Kamati imeteremka na unga, mablanketi na mpiga picha. Wanyonyi alimkabidhi Nalangu blanketi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kulikuwa na mtu amepita mbele ya kamera. Kisha akatoa neno. "Vidole vya mkono havilingani," akasema, akituonyesha vyake. "Hivyo ndivyo Mungu alipenda, ndio wale wenye wako na kitu wasaidie wale hawana."

Nilimtazama yule mzee aliyeshika jembe kaburini mwa baba yangu, nikajaribu kumpata ndani ya huyu. Labda ni mtu mmoja. Huenda yeye ni mwema kabisa kwa msiba ambao hakuusababisha.

Na kuhusu vidole, ni kweli havilingani. Lakini sijawahi kuona kidole kirefu kikijenga ukuta ili kidole gumba kizame.

Jumatano, 30 Aprili

Koko anakohoa. Nimepeleka uji na mafuta ya kujipaka kifuani. Amenipapasa vidole tena. Safari hii hakuuliza kitu.

Jumamosi, 3 Mei

Koko alifariki jana mchana, hospitalini Kajiado. Walisema ni mapafu. Naipanoi, ndilo lilikuwa jina lake. Sikuwa nimeuliza hadi niliposikia likitajwa na mchungaji.

Jumatano, 7 Mei

Tulizika jana. Wanyonyi alikuja, akaomba nafasi ya kuzungumza, akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mungu wa Wanyonyi ana kazi nyingi msimu huu. Ndiye aliyeumba mteremko, ndiye aliyepima vidole, na sasa ndiye aliyemuua koko. Laiti angekuwa na simu, ningempigia nimuulize kama ndiye pia aliyeidhinisha yale mabomba.

Leo Soipan amekuja darasani. Nilimwambia apumzike nyumbani, akasema nyumbani ni kanisa. Katikati ya somo akainua mkono.

"Madam, hizo safu zako mbili. Koko alikuwa mzee, na kifua yake ilikuwa weak. Hiyo ni safu ya kwanza, si ndio?"

"Ndiyo, Soipan."

"Chairman wenu ako na miaka ngapi?"

"Sabini na kitu."

"Na presha, na sukari. Si tunampelekeanga maziwa bila cream? Sasa mbona mvua haijamuua?"

Chini, msumeno ulikuwa unalia na sikuungoja. Nilitaka kusema jambo la kitabuni, lakini kilichonitoka kilikuwa hiki: kwamba uzee ni wa kila mtu, lakini ni watu walioamua ni mzee yupi atalala majini. Nimefundisha mada hii miaka mingi kama mtu anayesoma bei za nyanya. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeifundisha nikiwa na hasira, na naona ndivyo inavyotakiwa kufundishwa.

Ijumaa, 9 Mei

Nalangu ameleta maziwa. Alipomaliza kupima hakuondoka.

"Uko na magunia?" akaniuliza. "Zile za nailoni."

"Za nini?"

"Niliwaomba na nyasi. Niliwaomba na mdomo. Nimezika. Sasa nimemaliza kuomba."

Jumamosi, 10 Mei

Tumejaza magunia tangu asubuhi: Nalangu, Soipan, akina mama wa kanisa, mimi. Udongo mweusi ukilowa ni mzito kuliko dhambi. Tumeyapanga mbele ya mabomba, safu juu ya safu, upande wake wa ardhi, mbele ya geti lake. Akina mama waliimba kwa Kimaasai na mimi nikaitikia nisiyoyajua.

Mchana hivi nikaona mtu anateremka na toroli. Alikuwa Dalmas, amevaa lile shati la kazi. Alitia koleo udongoni akaanza. Baada ya gunia la tatu akaniambia, "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta, ufa tukampa jirani." Nilicheka mpaka nikalia, au nililia tu, sijui.

Jumapili, 11 Mei

Mawingu mazito. Hakuna kitu.

Jumanne, 13 Mei

Imenyesha kama imetukanwa. Maji yalifika kwenye mabomba, yakakuta magunia, yakarudi. Yalijaa maegesho mapya. Kufikia alasiri yalikuwa kwenye magurudumu ya gari la Wanyonyi, ambaye nyumba yake ndiyo ya kona, karibu kabisa na maegesho, kwa sababu alipochagua aliipenda ile nafasi. Jioni yakaingia sebuleni kwake. Yakapita pia kwetu mlangoni, maana sisi ni nyumba ya pili. Nimeinua zulia, nikaweka viatu juu ya meza. Nilishangaa moyo wangu ulivyokuwa mtulivu.

Kwenye grupu: "EMERGENCY." "Huu ni ujinga." "Hii ni sabotage." "Kuna mtu ameziba njia ya maji ya ASILI!!!"

Njia ya asili! Ile ya bomba la plastiki.

Alhamisi, 15 Mei

Chifu ameitwa, naye amekuja na askari mmoja. Tulikusanyika hemani, tope chini ya viti. Wanyonyi alikuwa amevaa viatu vya mpira vya mjukuu wake, vyenye maua. Ningekuwa na roho nzuri nisingeviandika.

"Chief, huyu mama ameziba maji," akasema. "Hiyo ni crime. Kuna watu wazee hapa. Mimi niko na presha, nimelala kwa kiti siku mbili!"

Chifu akamgeukia Nalangu. "Mama, ni kweli uliziba?"

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Mzee alisema ni maji ya Mungu," Nalangu akajibu. "Mimi nimerudishia wenyewe wanaomjua."

Watu wa nyuma wakacheka. Wanyonyi akapiga meza. Alisema ukuta uko na plan, uko na engineer, kwamba yule mama hana haki ya kuharibia watu nyumba, kwamba mtu akifanya kitendo kwa kusudi ni lazima ajibu. Aliyasema maneno hayo kwa uchungu wa kweli. Nikatambua kwamba kwa siku hii moja ameelewa mada yangu yote. Maji yakiwa kwa Nalangu, ni maumbile. Yakiwa kwake, kuna mtu ameyafanya, mtu huyo ana jina, na atashikwa.

"Nani walipanga hayo magunia?" chifu akauliza. Askari akatoa kalamu.

Nikasimama. Nikasema, "Apondi. Nyumba ya pili. Mpangaji." Bwana Kaloki alikuwa amekaa upande wa pili, na niliona akiangalia chini. Kisha nikasikia kiti kikilia nyuma yangu. Dalmas alikuwa amesimama. Soipan akasimama. Akina mama wa kanisa wakasimama wote, na mmoja wao hakuwa hata amekuja siku ile.

Chifu alituangalia, akaangalia mvua iliyokuwa imeanza tena. Akamwambia Nalangu aondoe magunia.

"Niondoe nikazike nani?" Nalangu akauliza.

Hakupandisha sauti. Askari alirudisha kalamu mfukoni. Chifu akasema ana kikao kingine Isinya, akaondoka, na hakuna gunia lililoguswa.

Ijumaa, 16 Mei

Kaloki ametuma notisi. Mwisho wa Juni tuwe tumehama. Dalmas ameisoma, akaikunja, akasema kuna nyumba nzuri upande wa Laiser Hill, ila ni mbali na chuo. Nimemwambia nitaamka mapema. Nimemshika mkono.

Jumamosi, 17 Mei

Leo asubuhi niliamshwa na nyundo.

Wanyonyi alikuwa amesimama kwenye maegesho na mafundi watatu. Walikuwa wakibomoa ukuta mahali penyewe palipokuwa na korongo. Mawe yalitoka moja baada ya jingine. Kisha wakachimbua kile kifusi, na maji yote yaliyokuwa yamesimama kwetu yakapata mkondo wake wa zamani, yakalizunguka boma, yakaenda zake mtoni. Yalipita bila kelele. Ilipofika saa ya chai mafundi walikuwa wameshanawa.

Kwenye grupu mwenyekiti ameandika: "Kamati, kwa busara yake, imeamua kuboresha drainage. Tushirikiane." Watu wamemjibu kwa makofi.

Niliteremka kumtafuta Nalangu. Nilidhani nitamkuta akishangilia, nilikuwa hata na maneno yangu tayari. Alikuwa amesimama peke yake kando ya nyumba iliyoanguka, karibu na mahali palipokuwa kitanda cha koko, anatazama lile pengo kwenye ukuta. Lina upana wa mlango.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivi," akasema.